Siku Mama Alipopimiwa Gari

Yule bwana aliyeniuzia gari alilipigapiga ubavuni kwa kiganja, akaniambia, "Dada, huku chini nimefanya mi mwenyewe, kwa mikono yangu. Mipira yote mipya. Gari hii itakuzika." Nikafurahi. Kama ningejua mikono yake ilifanya nini huko chini, ningemrudishia funguo pale pale, na maneno ya kumsindikiza juu yake.

Mimi ni mshonaji. Duka langu liko Buyenzi, katika barabara ambayo ukitoka garaji moja unaingia duka la vipuri, ukitoka hapo unakuta msikiti, ukipita msikiti ni garaji tena. Nimezaliwa hapo, nimesomea hapo, nimeolewa hapo. Nina hasira za karibu, najijua, na mtaa unanijua. Gari sikulitaka kwa kujionyesha. Buyenzi tunatembea kwa miguu, na mwenye gari anatembea vilevile, maana gari lenyewe mara nyingi liko garaji. Nililitaka kwa ajili ya mama.

Mama alianguka bafuni akavunjika nyonga. Mfupa ukaunga, lakini uliunga unavyotaka wenyewe. Anatembea na mkongojo, hatua ndogondogo, na akirushwa hata kidogo maumivu yanamshika kuanzia nyonga mpaka kisogoni, mpaka unaona rangi ya uso inambadilika. Mdomo tu ndio haukuvunjika. Anakaa mlangoni kwetu asubuhi mpaka adhuhuri, na hakuna anayepita bila kuambiwa kanzu yake imepauka au mtoto wake hasalimii.

Ana dada yake mmoja, mama yangu mkubwa, anayeishi Gihosha kwa binti yake, kule juu kwenye kilima. Katika tumbo la bibi yangu wamebaki hao wawili tu. Kila asubuhi baada ya chai walikuwa wanapigiana simu, na mazungumzo yao hayakuwa na maana yoyote: nani kapika nini, nani kaota nini, fulani kaolewa tena. Halafu mama mkubwa akapatwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukalala, na ulimi ukalala nao. Binti yake akawa anamwekea simu sikioni. Mama anazungumza upande huu, upande ule inasikika pumzi tu. Aliendelea hivyo kwa muda, akimsimulia dada yake habari na kujijibu mwenyewe, kisha siku moja akaiweka simu chini akasema, "Mi sitaki tena kuzungumza na pumzi. Nipelekeni nimuone angali hai. Akishakufa musinisumbue, mutanielezea tu."

Lakini nimpeleke na nini? Basi za siku hizi, kwa huu uhaba wa mafuta, watu wanazipanda kwa viwiko. Teksi ukiipata, dereva anakimbilia abiria wa pili kabla hujafunga mlango. Na pikipiki, mtu mwenye nyonga kama ile huwezi hata kumtajia. Ndipo nikanunua gari. Lilikuwa gari dogo la Kijapani, la zamani, rangi yake ya buluu imechujuka, lakini injini ilinguruma vizuri na viti vya nyuma vilikuwa laini. Niliangalia viti. Huko chini nani ataangalia, na mwenye gari keshakwambia mipira yote mipya?

Safari ya kwanza niliipangia mambo yote. Mafuta niliyapata kwa foleni ambayo sitaki hata kuikumbuka. Nikamweka mama kiti cha nyuma, mto huku, mto kule, khanga imekunjwa chini ya nyonga. Tukatoka. Wallahi gari lile halikuwa linapita juu ya shimo, lilikuwa linapigana nalo. Kila kokoto lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye kiti. Mitaa ya Buyenzi mama alinyamaza, na mama akinyamaza ujue kuna jambo. Tulipofika daraja la Ntahangwa nikatazama kioo nikamuona analia. Huyu mwanamke siku ya msiba wa baba hakutoa chozi mbele za watu. Alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili na machozi yanamtiririka bila sauti.

"Nirudishe, mwanangu," akasema. "Nitafika maiti, na yule anasubiri mutu mzima."

Nikageuza. Ilinibidi nirudi naye kwenye mashimo yale yale, polepole kama msafara wa harusi, na nyuma watu wananipigia honi. Nikawajibu. Nilipomshusha mlangoni, mama akafuta uso kwa ncha ya khanga akasema, "Mi sipandi tena. Gari hiyo si ya watu, ni ya mawe." Na mama akisema sipandi, hapandi. Alipokuwa msichana alisema hatakula kambare, na mpaka leo hajamla.

Jioni hiyo nikampigia simu yule bwana. Alikuwa mtu wa bandarini, wa kupakia na kupakua, na wala hakushtuka. "Ndiyo nguvu yenyewe hiyo, dada," akaniambia, anajivuna kabisa. "Mi nilikuwa napakia mizigo, gari inalala, tumbo linagusa barabara. Nikainyanyua. Sasa hata uijaze saruji haiinami." Nikamwambia mama yangu si saruji. Nikamwambia na mengine. Nilikuwa nimeshatawadha kwa ajili ya magharibi, ikabidi nikatawadhe upya.

Sasa, nina shemeji yangu fundi. Ni mdogo wa mume wangu, na kwa kuwa mume wangu yuko Kigoma kwa biashara zake, mambo ya nyumbani yanayotaka mwanamume mara nyingi yanaangukia kwake. Garaji lake liko mtaa wa pili kutoka kwetu, na lina foso, yaani lile shimo refu la saruji ambalo gari linasimama juu yake kwa magurudumu yake na fundi anasimama chini. Shemeji ni mtu wa kujisifu. Akifunga bolti moja atakusimulia tatu. Hajaoa, na mimi kila siku namwambia hakuna mwanamke atakayepata nafasi ya kusema neno nyumbani kwake. Yeye ananijibu kwamba kaka yake alikimbilia Kigoma kutafuta ukimya. Ndivyo tulivyo.

Nilimpelekea gari nikiwa bado nachemka. Akashuka kwenye foso na taa yake, akakaa kidogo, halafu nikasikia anacheka. Anacheka peke yake huko chini ya ardhi.

"Shemeji, njoo uone," akaniita. "Huyu mutu kalivalisha gari viatu vya tembo."

Nikainama. Springi zilizokuwa pale hazikuwa za gari lile, zilikuwa za pikapu ya mizigo, nene kama mkono wa mtoto. Na kana kwamba hiyo haitoshi, katikati ya mapindo ya springi yule bwana alikuwa amekata tairi kuukuu vipande vipande akavigongea humo, vimebana kama kabari. Kwa hiyo hata hizo springi ngumu zenyewe hazikuwa na nafasi ya kubonyea. Mama yangu alikuwa ameketi juu ya chuma na tairi. Nilipanda mori upya, nikataka kupiga simu tena. Shemeji akanizuia, akasema, "Muache. Alikuwa na mizigo yake. Na kwa mizigo yake alifanya kazi, hebu ona alivyokata, vyote sawasawa." Hilo nalo lilinikera, kumsifia mtu wakati mimi namtukana.

Alivitoa vile vipande kimoja kimoja kwa nondo na nyundo. Akazunguka Buyenzi nzima kutafuta springi za gari lenyewe, hakutaka zinazofanana, alitaka zenyewe. Alizipata, akazisugua, akazipaka rangi, akazifunga. Nikapika pilau nikampelekea sinia, nikidhani tumemaliza.

Hatukumaliza. Shemeji aliendesha, mimi nikakaa pale pale nyuma alipokaa mama, kwa makusudi, tukazunguka mitaa. Kweli lilikuwa afadhali. Zile ngumi za kwanza zilipungua. Lakini kila tulipoingia shimo, kulikuwa na kitu kinakataa. Gari linataka kushuka, kitu kinalisukuma juu. Halafu linagonga, du, kwenye uti wa mgongo. Mimi nina mgongo mzima na nililisikia.

"Bado," nikamwambia.

"Nimesikia."

Nikajua jambo ni kubwa, maana sijapata kumuona shemeji akijibu neno moja.

Siku zilizofuata aliingia na kutoka chini ya gari lile kama mtu aliyepoteza pete. Alipima springi, akapima zile bomba za mafuta zinazozuia gari lisirukeruke, akazikuta nzima. Mafundi wenzake wakaja, kila mmoja na lake. Ile mipira iliyosifiwa, ile inayokaa kwenye maungio, pale mikono ya chuma inayoshika magurudumu inapofungwa kwenye bodi, wote waliiangalia na wote wakaipita. Mipira ilikuwa mipya kweli, myeusi, inang'aa. Nani atashuku kitu kipya, na mtaa wetu unaishi kwa vitu vilivyotumika? Ukiona kipya unamshukuru Mungu unaendelea.

Nyumbani nako hakukuwa na raha. Binti wa mama mkubwa alipiga simu kusema mgonjwa amepunguza kula. Nilipomwambia mama, alitazama ukuta. Hakunilaumu, na ingekuwa nafuu kama angenilaumu.

Shemeji akaja dukani kwangu mchana mmoja kuomba maji ya kunywa. Nilikuwa na mteja, mwanamke mmoja mnene wa pale pale mtaani, nampimia gauni la harusi ya mwanawe. Alikuwa amelivaa juu ya nguo zake, amesimama wima katikati ya duka, na mimi niko sakafuni, pini mdomoni, natengeneza upindo. Shemeji akasimama mlangoni na kikombe chake. Mteja alipotoka, akaniuliza, "Shemeji, kwa nini unamsimamisha? Vipimo si unavyo? Si ulaze nguo mezani upinde?"

"Nguo niliyoipinda mezani itaikaa meza," nikamwambia. "Mwili una tumbo, una matako, una bega moja limeshuka. Namvalisha, anasimama anavyosimama siku zote, ndipo napinda."

Akabaki anatazama pini zangu. Kisha akaweka kikombe juu ya cherehani, akaondoka bila kuaga. Nikadhani nimemuudhi.

Kumbe alikwenda moja kwa moja kwenye foso. Mimi niliitwa baadaye, nikamkuta yuko chini na spana ndefu. "Sikiliza," akasema. Gari lilikuwa limesimama kwa magurudumu yake, halijanyanyuliwa. Akalegeza ile bolti kubwa inayopita katikati ya mpira. Kulitoka mlio, kama mtu anayeachia pumzi aliyoibana, na nikaona kwa macho yangu ile kona ya gari inashuka yenyewe, taratibu, ikatulia.

"Umeona?" akaniambia. "Yule bwana hana foso. Alipiga jeki uani kwake, gari likaning'inia, magurudumu yamelegea chini kama miguu ya kuku aliyeshikwa mabawa. Akaweka mipira mipya, akakaza bolti hapo hapo, gari liko hewani. Sasa mpira ukishakazwa unashika pale uliposhikwa. Alipolishusha, gari likataka kukaa, mpira ukasokotwa. Tangu siku hiyo unalisukuma gari lirudi juu, hewani. Usiku na mchana. Mipira haina kosa. Ilifungiwa gari lisilo na mutu ndani."

Nilielewa kabla hajamaliza. Mshonaji gani asingeelewa? Yule bwana alikuwa amepinda upindo mezani.

Nasema hapa wazi, maana usoni sitamwambia, atavimba asipite mlangoni: nilimvulia kofia siku ile. Wengi wana ujuzi, Buyenzi imejaa wenye ujuzi. Lakini mtu wa majivuno kama yale kusimama mlangoni mwa duka la wanawake, kuangalia kazi isiyo yake, na kuondoka na jibu la kazi yake, hilo ni jambo jingine. Mimi ningekunywa maji yangu nikaenda.

"Basi zikaze," nikamwambia.

"Apana." Akapanguza mikono. "Mipira hii imeshasokotwa muda mrefu, nitaweka mingine. Halafu sikazi mpaka lipate uzito wake. Anayepanda nani?"

"Mama."

"Basi mama aje akae. Pale anapokaa. Na wewe mbele kwenye usukani. Nipime kwa wenyewe."

Nikamwambia achague watu wawili wanaotoka msikitini wakae, uzito ni uzito. Akanitazama kama mimi ninavyomtazama mteja anayesema nimpime dada yake kwa niaba yake. Nikamwambia basi akamuombe mama mwenyewe, na Mungu awe naye.

Akaenda. Nilimfuata kwa nyuma nisikilize. Alichuchumaa mbele ya mama pale mlangoni, akamsalimia vizuri, akamwambia anahitaji uzito wake.

"Uzito wangu?" mama akasema. "Mwanamume mzima unamuuliza mwanamke uzito?"

"Mama, kukaa tu. Gari haliendi popote."

"Mi nilisema sipandi."

"Ulisema hupandi kwenda. Hii si kwenda, ni kukaa." Akatoa funguo mfukoni akaziweka kwenye kiganja cha mama, akakifunga kile kiganja kwa vidole vyake vyenye grisi. "Shika wewe. Bila hizi, nani ataliwasha?"

Mama akaziangalia zile funguo. Akasema atafikiri. Shemeji akarudi zake kuweka mipira, na mimi nikarudi dukani nikiwa sina matumaini makubwa.

Kesho yake, baada ya swala ya adhuhuri, nilikuwa garaji nikimsimamia shemeji, kazi ambayo yeye anaiita kusumbua watu. Tukasikia mtaa unapiga salamu. Salamu ikaanza mbali, ikaja karibu. Nikatoka nje. Mama alikuwa anakuja kwa miguu, na mkongojo wake, hatua ndogondogo, katikati ya barabara, na pikipiki zimesimama kumpisha. Alikuwa amevaa buibui lake la Idi. Nyuma yake jirani yetu alikuwa amembebea mzigo: mfuko wa mchele, kidumu cha mawese, na ndagala, dagaa wa ziwani, zimefungwa kwenye gazeti.

"Mama, hivi vya nini?" nikamuuliza.

"Si munataka uzito wa safari?" akanijibu, hanitazami. "Mi nitakwenda kwa dada yangu mikono mitupu?"

Shemeji akachukua ule mzigo akauweka nyuma kwa adabu, kila kitu mahali ambapo kingekaa. Gari lilikuwa juu ya foso, akatandika ubao pembeni ili mama asiogope shimo. Kupanda kulimuuma. Alikata pumzi mara kadhaa na mimi nikawa namshika kiuno, mpaka akakaa. Nikaingia mbele, nikashika usukani. Shemeji akashuka chini yetu.

Nimekaa kwenye sherehe nyingi, lakini sijawahi kukaa mahali kama pale. Gari halina moto, haliendi, na mama yangu yuko nyuma anapokea salamu dirishani kama bibi harusi. Kila fundi wa mtaa alipita kumuamkia. Alimwambia mmoja apunguze tumbo, akamuuliza mwingine mahari ya mdogo wake imefika wapi. Chini ya miguu yetu sauti ya shemeji ikawa inatoka, "Mama, kaa unavyokaa siku zote." Mama anajibu, "Ndivyo ninavyokaa." "Umeegemea upande mmoja." "Upande wenyewe ndio huu niliobakiwa nao." Kisha shemeji akasema, "Basi vizuri, usiubadilishe," na tukasikia spana inakaza. Alikaza mbele, akaja nyuma. Kila bolti ilipokazwa nilihisi mtetemo mdogo kwenye nyayo. Hakuharakisha hata moja.

Alipomaliza akatoa kichwa nje ya foso, jasho na vumbi, akasema, "Tayari. Mama unaweza kushuka."

Nikafungua mlango wangu ili nimsaidie. Mama hakusogea. Alinyoosha mkono katikati ya viti, funguo zikiwa kiganjani.

"Washa," akasema.

"Mama, leo?"

"Mi nimeshapanda. Nikishuka sipandi tena."

Nilimtazama shemeji. Shemeji akaondoa ule ubao, akaenda pembeni ya garaji, akarudi na dumu dogo la mafuta aliyokuwa ameyaficha kwa ajili yake mwenyewe, katika mji ambao mtu anaweza kumnyima mafuta ndugu yake wa damu. Akayamimina yote kwenye tangi. Hakutania, na mimi nikasahau hata kushukuru.

Tukatoka. Buyenzi yote mashimo yake nayajua kwa majina, nikawa nakaza shingo kabla ya kila moja. Gari likashuka, likapanda. Likashuka, likapanda. Hakuna kilichokataa. Mama alikuwa anaongea, na kila neno lake lilikuwa lawama: nakwenda mbio, nakwenda pole, yule wa baiskeli sikumuona, kwa nini nakaba usukani hivyo. Namshukuru Mungu kwa kila lawama. Tulipokaribia daraja la Ntahangwa akanyamaza. Nikatazama kioo. Alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, vilevile. Mwanzoni mwa daraja kuna mahali lami imekatika, hakuna pa kukwepea. Tukaingia. Gari likazama taratibu, likatutoa upande wa pili. Mikono ya mama ikabaki kwenye kiti kwa muda, kisha ikaachia, mmoja, halafu mwingine.

"Endelea," akasema, kana kwamba mimi ndiye niliyetaka kusimama.

Kilima cha Gihosha tulikipanda kwa gia ya chini. Binti wa mama mkubwa alitufungulia geti, akaona nani yuko nyuma, akajifunika mdomo kwa mkono. Tulimshusha mama pamoja, kila mmoja upande wake, na ilichukua muda, na iliuma. Hakutaka kukaa sebuleni, hakutaka maji. Akaenda moja kwa moja ndani.

Mama mkubwa alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha ukutani, amekonda mpaka sikumfahamu mara moja. Macho yake yalihama kutoka darini yakamfikia mama. Mdomo ukajaribu kitu, kikashindikana. Mama akasimama pale ameegemea mkongojo wake.

Ndipo mama mkubwa akaanza kusogea. Kwa ule mkono mmoja alishika ubao wa kitanda, akajivuta kuelekea ukutani, kidogo, akapumzika, kidogo tena. Binti yake alitaka kukimbilia kumsaidia, akasema kwa kunong'ona kwamba hajawahi kujigeuza mwenyewe tangu augue. Nikamshika. Mama mkubwa akajivuta mpaka upande wa nje wa kitanda ukabaki mtupu, nafasi ya mtu mmoja. Kisha akatulia, anahema, anamtazama mdogo wake.

Mama akanipa mkongojo. Akakaa kwenye ukingo, akainua mguu, akalala. Ili aonane na dada yake ilimbidi alalie ile nyonga mbovu, na akailalia, na uso wake ukakunjamana mpaka nikapiga hatua mbele. Akanizuia kwa mkono bila kugeuka.

"Tokeni nje," akasema. "Tuna mazungumzo."

Tukatoka, nikafunga mlango.